Naomba ushauri: mradi wetu ni utafiti au utamaduni?

Ndugu wanakikundi, salaam. Nimekwama, naomba mwenye uzoefu wa kuomba ruzuku anisaidie.

Tuko watatu, mwanaisimu na wanamuziki wawili. Tunarekodi nyimbo za wazee na kuchambua lugha yake kabla hazijapotea, na wazee wawili kati ya tuliowarekodi wameshafariki. Wakfu tunaoomba una madirisha mawili ya ufadhili, la utafiti na la utamaduni, na kila ombi huingia moja tu. Mara ya kwanza tuliomba la utafiti, tukajibiwa kwamba mbinu za uchambuzi hazijitoshelezi. Mara ya pili tukaenda la utamaduni, wakasema huo ni utafiti! Niliandika barua pepe kuuliza, nikaambiwa nisome mwongozo.

Naelewa kamati za utafiti na za utamaduni hutofautiana. Hata Wakfu wa Carlsberg wa Denmark ulianza na sayansi mwaka 1876, na mfuko wake wa sanaa ukaja 1902.

Je, tugawe mradi kuwa maombi mawili yenye waombaji tofauti, au hilo litaonekana kama kuomba mara mbili kwa kazi ileile? Na malipo ya wazee tunaowarekodi huwekwa fungu gani la bajeti? Muda uliobaki ni wiki tatu.