Mmaori ni nani kisheria?

Kibogoyo: New Zealand ina viti 7 vya bunge vya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Anayetaka kuvipigia kura anasema tu ana asili ya Kimaori, hapimwi damu. Wakuu, hii ni haki? Babu mmoja wa mbali anatosha kweli?

Mama Zawadi: Anatosha. Damu walishapima wakakwama. Hadi 1974 sheria ilitaka angalau nusu, kwa hiyo aliyezaliwa na mama nusu na baba Mzungu alikuwa nje, hata kama amekulia kwenye marae (uwanja wa mikutano) ya ukoo wake na Kimaori ndiyo lugha ya nyumbani. Ikabadilishwa, akawa Mmaori mzao yeyote wa Mmaori. Na hakuna kura ya ziada: ukiwa kwenye orodha ya wapiga kura wa Kimaori, ya jimbo la kawaida hupigi.

Kibogoyo: Ndiyo maana kila mtu anakimbilia Umaori. Ulaji huo.

Mpiga Zumari: Soma kwanza sensa. Ina maswali mawili, la asili na la kabila. 2023 waliotaja asili ni 978,246, waliojiita Wamaori kwa kabila 887,493. Wapo wanaomtaja bibi yao na Umaori hawaudai. Ulaji gani unaachwa mezani hivyo?

Chuma Ulete: Mnawatetea bure. Hao wenyeji wenu waliwakuta Wamoriori hapo wakawamaliza!

Mama Zawadi: Nilijua tu itakuja. Wamoriori walikuwa visiwa vya Chatham, kama kilomita 800 baharini huko mashariki, nao ni Wapolinesia vilevile. Nani alimkuta nani?

Chuma Ulete: Kwani 1838 hawakuchinjwa?

Mpiga Zumari: 1835. Ngāti Mutunga na Ngāti Tama, koo za Wamaori, walivuka kwa meli ya Wazungu, wakaua na kufanya watumwa. Wamoriori walikaa baraza mahali paitwapo Te Awapātiki wakaamua kushika mwiko wa Nunuku, kiongozi wao wa kale, wa kutoua mtu. Mwaka 1870 mahakama ya ardhi ikawapa Ngāti Mutunga zaidi ya asilimia 97 ya visiwa. Na hawakumalizwa: sheria ya fidia yao ilipita 2021.

Kibogoyo: Jamani, viti?

Chuma Ulete: Kwa hiyo Wamaori waliua. Nimedanganya wapi?

Mpiga Zumari: Koo mbili, bwana. Ngāi Tahu wa kusini hawakupanda meli ile. Ukisema "Wamaori" umewabebesha wote.

Chuma Ulete: Kwenye viti wanakuwa wamoja, kwenye damu wanakuwa koo. Sawa, mwalimu.