Mrejesho: Watumishi waliokuwa wakijaziwa PEPMIS steshenari

Wakuu, nashukuru sana kwa ushauri. Niliuliza namna ya kuwasaidia watumishi wa halmashauri yetu waliokuwa wakimpa kijana wa steshenari cheki namba (namba ya utumishi) na nywila zao awajazie PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS.

Kilichotusaidia ni kuachana na semina ya projekta ukumbini. Sasa tunakaa wachache wachache kwenye chumba cha TEHAMA, kila mtu na majukumu yake halisi, na anayefundisha haruhusiwi kugusa mausi. Hapo kwenye mausi ndipo penye siri yote. Mama mmoja wa masjala, anayekaribia kustaafu, alitafuta herufi moja moja hadi akamaliza kuandika jukumu lake la kwanza, akalituma kwa msimamizi. Baadaye nikamkuta anamwelekeza mwenzake kubadilisha nywila. Wengi waliogopa kwamba wakibonyeza vibaya watavuruga mshahara. Walipoona kosa linarekebishika, hofu ikapungua.

Bado tunakwama kwa wasimamizi. Mtumishi anajaza, bosi haidhinishi, kwa sababu naye mfumo haujui na anaona aibu kukaa darasa moja na walio chini yake. Hao nimeanza kuwafuata ofisini mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Watendaji wa vijiji vyenye mtandao hafifu sijawafikia. Mwenye uzoefu nao naomba anieleze alivyofanya.