Gumzo la majirani wa Kilimahewa, Unguja: ekzosi ya Nasri

[06:12] Mama Rahma: Assalaam alaykum majirani. Leo tena, kabla ya adhana, gari ya Nasri imetuamsha mtaa mzima. Baada ya Isha sote tukutane barazani kwa Mzee Haji. Jibuni nijue nani anakuja.

[06:50] Mama Rahma: Mmesoma watu 43. Hajajibu hata mmoja.

[07:05] Suleiman: Mie nlidhani boti ya Dar imepanda nchi kavu 😂

[07:06] Khalfan: Kuku wangu hawatagi tena. Mayai nani atanilipa?

[07:09] Mama Rahma: Si mchezo huu. Inaunguruma dakika kumi nzima chini ya dirisha la Bi Mkubwa, na moshi wote unaingia ndani.

[09:31] Nasri: Shikamoo Mama Rahma. Samahanini. Ekzosi, bomba la moshi, ililiwa na chumvi, fundi kaikata pale kwenye heda, inapotokea injini, nasubiri bomba kutoka Dar. Lakini gari sasa inapumua, imekuwa nyepesi.

[09:50] Fundi Makame: Mwanangu, wepesi huo ni wa masikioni. Mtaani injini inazunguka pole pole, na hapo lile bomba refu ndilo linalosaidia kuvuta moshi utoke kwenye silinda. Ukilikata, nguvu ya kuondokea inapungua. Tena sensa ya oksijeni, kidude kinachopima hewa kwenye moshi, iko karibu na pale palipokatwa. Hewa ya nje ikirudi ndani, sensa inadhani petroli haitoshi, na kompyuta ya gari inazidi kuimimina. Na moto wa pale unayeyusha nyaya za chini.

[09:58] Nasri: Mafuta kweli inakula. Nlifikiri ni foleni ya Darajani.

[10:20] Zuhura: Kelele zina madhara. Desibeli (kipimo cha kelele) 85 sikio linastahamili muda wa saa 8, kila zikizidi 3 muda unakatika nusu, zikifika 100 ni dakika 15 tu. Lakini mie naogopa moshi. Una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba likiishia chini ya injini, moshi unapanda ndani kwa matundu ya sakafu. Nasri, unamlaza mtoto kiti cha nyuma vioo vimefungwa! Akilalamika kichwa, akitapika au akisinzia ovyo, mtoe nje kwanza, halafu hospitali moja kwa moja.

[10:41] Baba Abdu: Kumbe moshi ni hatari. Umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009 mpaka Machi 2010, jenereta la nyumba ya kona liliwekwa ukutani kwangu miezi mitatu. Wanangu wakiamka na kichwa kila siku. Nliomba kikao, nkaambiwa nivumilie, sote tuna kiza. Friji la nani lilikuwa linavuta humo, Mama Rahma?

[10:44] Mama Rahma: Hilo tulishalimaliza.

[10:44] Baba Abdu: Mlilimaliza nyinyi.

[10:46] Suleiman: Si ndilo tuliloangalilia Kombe la Afrika kule Angola? 😂

[10:47] Khalfan: Fainali, Misri 1, Ghana 0! Bao la mwisho mwisho.

[11:30] Mama Rahma: Jamani! Leo Isha. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, nishamwambia.

[11:31] Nasri: Sheha wa nini tena, Mama?

[12:55] Bi Mkubwa: (ujumbe wa sauti, 0:52)

[13:02] Zuhura: Kwa asiyeweza kufungua, Bi Mkubwa anasema: "Nasri, usiku uliozaliwa weye mvua ilikuwa inapiga, mie ndiye nilokupokea. Siendi kwa sheha kwa ajili yako. Mzee wangu kitandani akiisikia gari ile hushika shuka mpaka jua litoke. Hawezi kusema, ndo nakwambia mie. Na Baba Abdu mwaka ule alitaka neno moja tu. Mpeni."

[16:10] Nasri: Bibi, nisamehe. Kesho siiwashi hapa. Ntaisukuma mpaka barabara ya lami.

[16:25] Fundi Makame: Nna sailensa kuukuu ya kupunguza kelele, ntaunga bomba lifike nyuma mpaka hilo la Dar lije. Lakini leo nna gari mbili. Labda Alkhamisi.

[16:31] Mama Rahma: Labda? Na kusukuma nani atamsaidia? Andikeni majina.

[16:40] Khalfan: Mie mgongo.

[18:22] Mama Rahma: Sheha ana udhuru leo.

[18:30] Baba Abdu: Mie bado nasubiri.

[21:47] Mwana wa Mzee Haji: Waalaykum salaam. Ndo nauona sasa ujumbe. Baba yuko barazani tangu Isha, hajaja mtu.