Naomba ushauri: baba amepoteza umakini, mazoezi gani yatamsaidia haraka?

Mlango wa Nyuma: Wakuu, nimekwama. Baba yangu amekuwa mzembe kupita kiasi. Anakula upande wa kulia wa sahani, halafu analalamika chakula kidogo. Ukiizungusha sahani anashangaa, anaendelea kula. Ananyoa shavu moja. Akipita mlangoni, bega la kushoto linagonga fremu. Nikimkumbusha anafoka. Kuna mazoezi ya kurudisha umakini? Nataka yafanye kazi mapema.

Asubuhi Njema: Mnyang'anyeni simu. Mimi nilifika mahali nasoma ukurasa mzima bila kuambulia neno. Nilipoacha kulala na simu, akili ikatulia.

Bi Kizuio: Mwanangu, baba haitwi mzembe mbele za watu. Kaa naye, mzungumze kwa adabu.

Kiduchu: Akianza kufoka, hamia kushoto kwake 😂

Mhudumu wa Zamu: Mkuu, ngoja kwanza. Mzee amewahi kupata kiharusi au kuumia kichwa? Na hiyo haraka ni ya nini?

Mlango wa Nyuma: Kiharusi alipata, ndiyo, upande wa kulia wa ubongo. Lakini amepona! Anatembea, anaongea vizuri, macho yamepimwa ni mazima. Haraka ni kwa sababu Jumatatu anarudi kuendesha gari. Nimeshamwahidi funguo, na nitakaa pembeni yake.

Sina Haraka: Hii chai. Kwanza mzembe, sasa kiharusi. Mtu mwenye macho mazima anaachaje nusu ya sahani? Kesho utasema anaachia na nusu ya kitanda.

Asubuhi Njema: Hata mimi nilianza kutilia shaka. Unaficha ficha sana.

Mhudumu wa Zamu: Hakuna chai hapo. Nimewahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Macho yanaleta picha, ila ubongo ndio unaochagua kipi kishughulikiwe. Katika kazi hiyo, ubongo wa kulia huangalia pande zote mbili, wa kushoto hushughulika zaidi na upande wa kulia. Ukiumia wa kushoto, wa kulia unafidia. Ukiumia wa kulia, hasa sehemu ya nyuma kwa juu, kushoto kunabaki bila mlinzi. Na mgonjwa hahisi kama kuna kinachokosekana! Aliyepofuka nusu ya uoni mara nyingi hujua, hugeuza kichwa. Huyu hageuzi, kwa sababu kwake hakuna cha kutafuta.

Mwaka 1978, watafiti Bisiach na Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa namna hiyo waelezee kwa kumbukumbu uwanja wa kanisa kuu la Milano, kana kwamba wamesimama wakilitazama kanisa. Walitaja zaidi majengo ya kulia. Walipoambiwa wajione wamelipa kanisa mgongo, wakataja yale waliyoyaruka mwanzo. Hapo macho hayakuhusika hata kidogo.

Sina Haraka: Sawa. Basi mpe mzee karatasi achore saa, utuambie.

Mlango wa Nyuma: Amechora. Duara zima, namba zote zimerundikana kulia. Nikamuuliza kama amemaliza, akasema ndiyo. Lakini saa si usukani, jamani. Barabara ile anaijua miaka yote.

Mhudumu wa Zamu: Kuijua barabara hakumwonyeshi mtoto anayetokea kushoto. Kabla hujamaliza kumwambia, mmeshamgonga. Daktari wake alisemaje kuhusu gari?

Mlango wa Nyuma: Alisema asiguse usukani mpaka apimwe upya. Ila daktari haishi na huyu mzee. Bila gari anajiona amekwisha.

Bi Kizuio: Kumbe ulikatazwa! Mwanangu, mimi mume wangu alinuna wiki nzima nilipomficha funguo. Alinuna akiwa hai.

Mhudumu wa Zamu: Mazoezi yapo, ila si ya kuisha Jumatatu. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa. Asianze mstari mpaka ameuona. Mfundishe kuanzia kushoto kila anapotafuta kitu. Muulizeni pia mtaalamu kuhusu miwani ya prizimu, yaani yenye vioo vinavyosogeza picha upande. Imetumika tangu utafiti wa Rossetti na wenzake wa 1998, ingawa haimsaidii kila mtu.

Mlango wa Nyuma: Huo utepe naweza kuuweka na kwenye sahani?

Mhudumu wa Zamu: Weka. Funguo ziko wapi?

Mlango wa Nyuma: Ninazo mimi. Jumatatu bado haijafika.