Shule ndogo ya kutwa na bweni kwa binti wa darasa la tano: niangalie nini?

Mama wa Kibaha
Wadau, naomba ushauri. Binti yangu ataingia darasa la tano Januari. Mimi ni muuguzi wa zamu, baba yake anafanya kazi Geita, na dada aliyekuwa akimwangalia ameolewa. Nimepata shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, ya kutwa na bweni, yenye wanafunzi wasiofika 150. Meneja alinipokea vizuri, akanionyesha bango la wastani wa A wa darasa la saba. Je, udogo huo ni heri kwa mtoto, au ni dalili kwamba shule haijiwezi?

Mwalimu mstaafu, Moshi
Mwanangu, bango lisikushawishi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, lakini matokeo ya kila shule yanapatikana kwenye tovuti ya Baraza. Tazama watahiniwa wa darasa la nne mwaka 2021 walikuwa wangapi, kisha wa darasa la saba mwaka 2024, maana ni kundi lilelile. Kama walikuwa 31 wakabaki 17, uliza wale 14 walikwenda wapi. Zipo shule zinazowahamisha au kuwakaririsha darasa wanaosuasua ili wastani upendeze, na penye watoto wachache, kuondoka kwa watatu tu kunatosha kuupandisha.

Matroni wa zamani
Dada, mchana shule zote hupendeza. Nenda saa moja usiku. Shule niliyofanyia kazi ilikuwa na wasichana 58 katika bweni moja, mlango mmoja, madirisha ya nondo, na ufunguo alikaa nao mlinzi getini. Septemba 2020, bweni la shule ya msingi huko Kyerwa lilipoungua na wanafunzi 10 wakafariki, niliomba tufunguliwe mlango wa pili. Nikaambiwa nisubiri bajeti. Nilisubiri muhula mzima, kisha nikaacha kazi, na hadi leo nawawaza wale watoto. Kwa hiyo zungumza na matroni mwenyewe, meneja asiwepo: analala wapi, ufunguo anao nani, na mtoto akishikwa na homa saa nane usiku anapelekwa zahanati ipi, kwa usafiri gani. Uliza pia kama wapo wa chini ya darasa la tano wanaolala hapo, kwa sababu waraka wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa umri huo. Wakiwepo, omba uonyeshwe kibali.

Baba wa wawili, Morogoro
Wangu alianza kutwa muhula wa kwanza, akahamia bweni muhula wa pili akiwa na marafiki tayari, na hakulia hata siku moja. Ila soma maelekezo ya kujiunga hadi mwisho: godoro, tranka, ndoo na rimu za karatasi havimo kwenye ada.

Mama wa Kibaha
Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nimetazama: darasa la nne walikuwa 24, la saba wakawa 22. Nimempigia mwalimu mkuu, akaniambia bila kusita kwamba mmoja alihamia Mbeya na wazazi wake, na mwingine alirudia darasa kwa ombi la mama yake baada ya kuugua. Alhamisi sina zamu. Saa moja usiku nitakuwa bwenini.