.223, .22-250, .220 Swift au .204 Ruger: ipi kwa wanyama waharibifu wadogo?

Mlenga Mbali:
Wakuu, naomba ulinganisho wa aina hizi nne za risasi za bunduki. Kazi ni wanyama wadogo: wachimba mashimo mashambani, na mbweha mara mojamoja. Masafa ni yadi 150 hadi 350, bunduki ya boliti (komeo la kuvuta kwa mkono kila risasi), mtutu mzito. Jibu la "zote nzuri" halinisaidii.

Fundi Kasiba:
Anza na takwimu za risasi za kiwandani, kasi ikipimwa mdomoni mwa mtutu (kichwa ni ile sehemu inayoruka, greni ni kipimo cha uzito wake):

.223 Remington, kichwa cha greni 55: futi 3,240 kwa sekunde.
.22-250 Remington, greni 55: takriban futi 3,680.
.220 Swift, greni 48: futi 4,110. Hiyo ndiyo kasi iliyotangazwa ilipotoka mwaka 1935.
.204 Ruger, greni 32: futi 4,225. Ukiweka greni 40 inashuka hadi 3,900.

Ukisawazisha darubini ili risasi ipige unapolenga kwenye yadi 200, risasi ya .223 kwenye yadi 300 itakuwa imeshuka kama sentimita 18, ya .22-250 kama 13, na ya .204 ya greni 32 kama 11. Kwa mnyama ambaye kifua chake hakizidi upana wa kiganja, zile sentimita 18 zinakulazimisha ujue umbali kabla ya kufyatua.

Ila usichague kwa kasi peke yake. Uliza kwanza msokoto wa mtutu, yaani jinsi mifereji ya ndani inavyojipinda ili kuzungusha kichwa.

Shomoro:
Naunga mkono hapo kwenye msokoto. Mitutu mingi ya .22-250 ina msokoto wa 1:14, yaani kichwa kinazunguka mara moja kila inchi 14. Unatosha kwa greni 40 hadi 55. Ukiweka kichwa kirefu cha greni 69 hakitatulia: kitayumba hewani, na kwenye karatasi utaona tundu refu kama la ufunguo badala ya duara. Kinachoamua ni urefu wa kichwa, si uzito. Ndiyo maana vichwa vya shaba tupu vinaleta shida hata vikiwa vyepesi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa kinakuwa kirefu zaidi.

Msokoto mkali nao una kesi yake. .22-250 yenye 1:8 inazungusha kichwa karibu mara 330,000 kwa dakika. Vile vichwa vya ganda jembamba vilivyotengenezwa vipasuke vikimgusa mnyama vinaweza kusambaratika kabla ya kufika. Dalili ni mstari wa kijivu hewani na karatasi isiyo na tundu. Watu huishia kulaumu darubini.

Mlenga Mbali:
Na .223 yenye 1:9?

Shomoro:
Kama mizunguko 259,000 kwa dakika ukitumia greni 55. Vichwa vingi vya kawaida vinavumilia, na msokoto huo unabeba hadi greni 69 bila tatizo.

Fundi Kasiba:
Tusisahau joto, hasa kwa mwindaji wa wanyama hawa, maana anafyatua risasi nyingi kwa muda mfupi. .22-250 na Swift zinachoma baruti nyingi kupitia tundu lilelile la .224 linalotumiwa na .223. Kinachoungua ni koo, pale mbele ya chemba (sehemu risasi inapokaa) mifereji ya mtutu inapoanzia. Chuma kinapata nyufa ndogondogo, kisha kinalika, na shabaha inaanza kutawanyika. Swift ilipata jina baya kwa sababu hii, ingawa vyuma vya siku hizi ni bora kuliko vya miaka ya 1930.

Piga tano, acha boliti wazi, shika mtutu. Ukishindwa kuushika kwa sekunde tano, pumzika. Mtutu wa moto pia unapandisha mvuke wa hewa mbele ya darubini, na mnyama anaonekana kuchezacheza pale asipokuwepo.

Upepo wa Pembeni:
Mnaipita .204 haraka mno. Kichwa chake cha greni 40 ni chembamba na kirefu, hivyo upepo unakisukuma kidogo kuliko greni 55 ya .223. Msukumo wake begani ni mdogo, unaona risasi ikitua ndani ya darubini bila msaidizi. Ubaya wake: tundu la .204 linahitaji ufito na brashi zake za kusafishia, za .22 haziingii. Kwa mbweha kwenye yadi 300 na zaidi, mimi ningechukua .22-250.

Fundi Kasiba:
Kwa wanaojaza tena maganda yaliyotumika: ganda la .22-250 lina mwili uliochongoka, hivyo hurefuka upesi kuliko la .223. Lipime kila mara; likizidi milimita 48.56 likatwe. Kunja ncha ya waya mwembamba, iburuze ndani ya ukuta wa ganda kuelekea kitako. Ikikwama kwenye kishimo ndani ya ukuta huo, au nje ukiona pete inayong'aa juu kidogo ya kitako, ganda hilo litakatika kati. Litupe.

Shomoro:
Mkuu, ukichukua .223, soma maandishi kwenye mtutu. Risasi ya kijeshi ya 5.56 inaingia vizuri kwenye chemba ya .223, lakini koo la chemba hiyo ni fupi. Kichwa kinagusa mifereji mapema na shinikizo linapanda. Boliti ikiwa nzito kuinua, usiendelee.

Mlenga Mbali:
Basi Swift imetoka. Nabaki na .223 ya 1:9 au .22-250 ya 1:14.

Upepo wa Pembeni:
Wanyama wengi chini ya yadi 250: .223. Mashamba wazi na risasi chache kwa siku: .22-250, greni 50 au 55. Na yeyote atakayebaki na Swift ajue ukingo wa kitako chake umetokeza kidogo. Kwenye magazini, ukingo wa risasi ya juu uwe mbele ya ule wa chini, la sivyo boliti itasukuma mbili kwa pamoja.