Naomba ushauri: kusahihisha tahajia kwenye OpenSSL

Asalaam aleikum wakuu. Nipo Chake Chake, najifunza usimbaji fiche kwa kusoma kodi (msimbo wa programu) ya OpenSSL, maktaba ya programu ya kusimba data. Makosa ya tahajia nayaona huku na kule, mfano i na e kupishana kwenye receive. Yakiwa kwenye maelezo au mwongozo, narekebisha tu. Shida ni jina la fankisheni ya umma, yaani kipande cha kodi ambacho programu nyingine hukiita kwa jina: ukiligusa, programu za watu zinazoliita zinagoma kujengeka. Niliache, au niongeze jina sahihi, na la zamani libaki?

Pia, mabadiliko madogo hayadai mkataba wa mchangiaji (CLA). Unaandika "CLA: trivial" kwenye ujumbe wa komiti (commit), yaani maelezo yanayoambatana na badiliko. Mafaili mengi kwa mpigo bado ni madogo? Rafiki yangu wa Unguja anasema nitume yote pamoja. Mimi naona mkaguzi atashuku, na kwenye programu ya usalama ana haki. Mnasemaje?